Tunaogopa Inhela, Tunameza Vidonge: Pumu, Madhara ya Dawa na Mazoezi ya Pumzi

"Musawo, nipe zile za kifua."

"Za siku tatu au tano, mama?"

Mazungumzo haya ya mgonjwa na muuza dawa, ambaye hapa Uganda huitwa musawo, yaani daktari, hayafiki nusu dakika, iwe Arua, Busia au Kisenyi, na mwisho wake ni kibahasha cha karatasi chenye vidonge vya namna tatu nne. Vimimine kiganjani uvitazame. Vile vidogo, vingi kuliko vyote, aghalabu ni prednisoloni, steroidi ya kumeza, ya miligramu 5. Vingine ni salbutamoli ya kumeza, miligramu 4. Kipo cha aminofilini, miligramu 100. Cha manjano mara nyingi ni piritoni, ambayo itakulaza usingizi lakini haifungui kifua. Juu yake kuna kapsuli ya antibiotiki, na pumu haina kazi nayo. Kesho yake kifua kimefunguka, na duka limepata mteja wa kudumu.

Mwambie mama huyohuyo avute kila siku inhela ya kahawia, yenye steroidi ya kutuliza uvimbe wa mirija, atakataa. Atakuambia inhela inazoesha, inachosha moyo, ni ya wagonjwa wa mwisho mwisho. Hofu ya madhara ya dawa ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba tumeielekeza kwa dawa yenye madhara madogo, halafu tunaishi kwa zile zenye madhara makubwa. Na sasa mazoezi ya pumzi yamejaa kwenye simu zetu, wengi wanayatumia kuacha dawa ileile ya kahawia. Wanaanza kupunguza kutoka mwisho usiofaa.

Tupige hesabu. Mtu mzima aliyeshikwa na pumu vibaya hupewa prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Vidonge 8 kila asubuhi kwa siku 5 ni miligramu 200. Hiyo ni dawa inayookoa maisha, na shambulio likiwa kali usibishane nayo. Ubaya uko kwenye marudio. Anayenunua kibahasha kila baada ya miezi miwili au mitatu anafika gramu moja ndani ya mwaka mmoja hivi. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza uliochapishwa 2018 ulionyesha kisukari, mtoto wa jicho, mifupa kudhoofika na maradhi ya moyo yakianza kuongezeka jumla ikifika kati ya nusu gramu na gramu moja. Jumla ya maisha, si ya mwaka.

Sasa chukua beklometasoni ya kuvuta, mikrogramu 200 asubuhi na 200 jioni, bila kukosa siku hata moja. Mwaka mzima ni miligramu 146. Siyo haki kulinganisha miligramu kwa miligramu, maana beklometasoni ina nguvu kuliko prednisoloni. Lakini inatua kwenye mirija ya hewa, na ile inayomezwa ini huivunja sehemu kubwa kabla haijaenea. Kidonge cha prednisoloni hupita damuni kwenda kwenye jicho, mfupa, kongosho na ngozi, na kifua kinapata fungu lake tu.

Mambo ya prednisoloni ambayo dukani hayasemwi ni mengi. Imeze asubuhi baada ya chakula. Ukiimeza jioni utakesha. Njaa isiyo ya kawaida na hasira za ghafla ni yake. Mwenye kisukari ajue kuwa sukari hupanda zaidi mchana na jioni, kwa hiyo kipimo cha alfajiri kitamdanganya. Aliyekohoa zaidi ya wiki 2 apimwe makohozi ya TB kwanza, kwa sababu steroidi hushusha homa, mtu akajiona nafuu huku ugonjwa ukitambaa ndani. Kuna pia mnyoo mdogo, strongiloidi, unaoingia kwa nyayo za wanaotembea peku kwenye udongo wenye unyevu. Unaweza kukaa na mtu miaka mingi bila kelele, kisha steroidi za kumeza zikaufungulia uzaane mpaka umuue. Albendazoli ya kawaida ya minyoo haiumudu vizuri. Dawa yake ni ivamektini.

Halafu kuna tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, ambazo hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Ukimeza ya nje kwa zaidi ya wiki 3 mfululizo, au kozi fupi zinazofuatana bila nafasi, tezi hulala. Ukiacha ghafla hakuna anayefanya kazi: uchovu mzito, kizunguzungu ukisimama, kutapika, presha kushuka. Ndiyo maana aliyekunywa muda mrefu hupunguziwa hatua kwa hatua na daktari. Uwe macho na deksametasoni pia. Kwa kuwa kidonge chake ni kidogo watu hudhani ni dawa nyepesi, kumbe miligramu 4 zake zinakaribia 27 za prednisoloni. Na unga wa "mitishamba" unaofungua kifua kwa saa chache, ukamnenepesha mtu mashavu ndani ya mwezi, mimi huushuku kuwa umechanganywa na steroidi.

Salbutamoli ya kumeza naisema kwa ufupi. Mipulizo 2 ya inhela ni mikrogramu 200. Kidonge cha miligramu 4 ni mara 20 ya hiyo, na bado kinachukua kama nusu saa kuanza kazi wakati inhela inachukua dakika chache. Unalipia mtetemeko wa mikono na moyo kudunda ili upate nafuu ndogo, tena ya kuchelewa. Aminofilini ni mbaya zaidi kwa sababu nafasi kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni finyu: kichefuchefu, kutapika, mapigo kuvurugika, hata degedege. Ukiichanganya na siprofloksasini au erithromaisini, kiwango chake damuni hupanda. Kwa anayetumia rifampisini ya TB kinashuka. Montelukasti, kidonge kingine cha pumu, ni afadhali, ila tangu Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo la ngazi ya juu kuhusu ndoto mbaya, ukali, huzuni na mawazo ya kujiua. Mtoto aliyeanza kupiga kelele usiku baada ya kuanzishiwa dawa hiyo asipelekwe kuombewa kabla hajarudishwa kliniki.

Ya bluu na mzunguko wake

Inhela ya bluu, salbutamoli, ina mipulizo 200, kila mmoja mikrogramu 100. Inalegeza misuli ya mirija kwa saa 4 hadi 6. Uvimbe ulioko ndani ya mirija, ambao ndio pumu yenyewe, haiugusi. Anayemaliza chupa 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya shambulio kali. Anayefikia 12 yuko kwenye hatari ya kufa. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haukubali mtu atibiwe kwa ya bluu peke yake. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito siku unayoifungua. Huo ndio uchunguzi wa bei nafuu kuliko wote.

Madhara ya ya bluu yana ujanja mmoja: yanafanana na ugonjwa. Umevuta mipulizo 4, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Unaingiwa na hofu. Hofu inakufanya upumue haraka kwa mdomo na kwa mabega. Hewa nyingi ikitoka kuliko mwili unavyohitaji, kabonidioksidi inashuka damuni, vidole na midomo vinaingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Kifua kikibana unavuta tena ya bluu. Juu ya hayo salbutamoli nyingi hushusha potasiamu, na prednisoloni, aminofilini na vidonge vya presha vya kukojoza vyote vinaisukuma chini zaidi. Misuli inalegea, mapigo yanaruka. Mazoezi ya pumzi yanafaa hapa, katika kuukata mzunguko huu. Usiyatarajie kwingine.

Ya kahawia, kinywa, na chupa ya maji

Rangi hutofautiana kwa kiwanda, kwa hiyo soma jina: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni. Madhara ya kawaida yako kinywani na kooni. Utando mweupe ni fangasi. Sukutua, gogomoa kooni na kutema kila baada ya kuvuta, usimeze. Ukishatokea, nistatini ya maji mililita 1 mara 4 kwa siku kwa siku 7, baada ya chakula, uishikilie mdomoni kabla ya kumeza. Sauti kukwaruza ni jambo jingine: dawa imetua kwenye misuli ya nyuzi za sauti, na kusukutua hakufiki huko. Mwalimu, mhubiri au muadhini asiache dawa. Aombe kipimo kidogo zaidi kinachomtosha, au aina nyingine ya inhela.

Kwa mtoto, wazazi huuliza urefu. Jibu la kweli ni kwamba zipo athari: ukuaji hupungua karibu nusu sentimita mwaka wa kwanza, na utafiti wa Marekani wa 2012 uliofuata watoto wa budesonidi hadi utu uzima ulikuta upungufu wa sentimita 1.2. Pumu isiyotibiwa nayo hudumaza, na kozi za prednisoloni zinadumaza zaidi.

Lipo moja ambalo hapa Uganda lisipite bila kusemwa. Anayemeza ARV zenye ritonaviri, kama baadhi ya walio kwenye dawa za mstari wa pili, asivute flutikasoni wala budesonidi bila kliniki yake ya ARV kujua. Ritonaviri huzuia ini kuzivunja, steroidi ya inhela ikajaa damuni kama vile amemeza vidonge. Uso unavimba, tezi zinalala. Beklometasoni ndiyo salama kwake.

Madhara mengi ya kinywani hutokana na dawa kugonga ulimi badala ya kwenda mapafuni, na tiba yake ni spesa, chombo kitupu kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kama huna ya dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita inatosha. Watafiti wa Cape Town walilinganisha chupa hizo na spesa za kiwandani kwa watoto, wakachapisha 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa. Chagua ya maji yenye kitako bapa. Za soda zenye vidole vitano chini hazizibiki. Isiwe iliyowahi kuwekwa petroli, dawa ya kunyunyizia wala waragi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, imwage, isuuze mdomo wake tu, kisha iinamishe ikauke yenyewe usiku kucha. Usiifute kwa kitambaa. Kusugua plastiki huamsha umeme ule unaonata nywele kwenye kitana, na dawa nayo itanata ukutani. Chora mdomo wa inhela kwenye kitako. Pasha msumari nje ya nyumba, toboa ukifuata mstari kwa ndani kidogo ili tundu libane, ingiza inhela, zungushia gundi au plasta pale panapopumua. Kisha jaribu mpulizo mmoja: ukungu ubaki ndani ya chupa kama moshi, usichungulie kwenye maungio.

Kutumia: tikisa, toa pumzi, funga midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, vuta polepole kwa sekunde 3 hadi 5, bana kwa 10. Asiyeweza kubana apumue mara 5 au 6 ndani ya chupa. Mpulizo wa pili ungoje nusu dakika. Kubonyeza mara mbili kwa pamoja ni kupoteza, matone hugongana na kuanguka chini. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo anahitaji barakoa.

Pumzi

Mazoezi haya yana majina. Buteyko, daktari wa Usovieti, aliyaanzisha miaka ya 1950 akidai pumu inatokana na kupumua kupita kiasi na kupoteza kabonidioksidi. Papworth ni njia ya Uingereza ya miaka ya 1960, ya kupumulia tumboni kwa utulivu. Madai ya Buteyko kuhusu chanzo hayakusimama. Mwaka 2006 Waaustralia waliwapa watu 57 mazoezi ya aina mbili tofauti kabisa, moja la kupumua kidogo kwa pua na moja la kunyoosha mabega na mikono. Makundi yote mawili yalipunguza ya bluu kwa asilimia 86. Kilichosaidia, naona, ni kuwa na jambo la kufanya kwanza kabla ya kunyakua inhela. Kisha Uingereza, 2018, watu 655: waliofundishwa kwa video na waliofundishwa ana kwa ana vikao 3 wote walipata maisha bora kidogo kuliko wasiofundishwa, baada ya mwaka mzima. Nguvu ya mapafu haikubadilika. Uvimbe wa mirija haukubadilika. Habari njema ni kwamba mtu wa Moroto hahitaji mtaalamu wa hospitali kuu ya Mulago, Kampala, ili ajifunze. Mbaya ni kwamba unaweza kujisikia mzima huku mirija imevimba vilevile.

Anza kwa pua. Pua iliyoziba itakurudisha mdomoni kila mara. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, yapoe mpaka vuguvugu, safisha kila tundu asubuhi na jioni. Maji ya bomba yasiyochemshwa hayaingii puani.

Hesabu pumzi zako kwa dakika moja ukiwa umetulia bila kujilazimisha. Kati ya 12 na 16 ni kawaida. Ukipata 20 na zaidi, unapiga miayo na kushusha pumzi ndefu mara kwa mara, kazi ipo.

Kaa kwenye stuli, mgongo wima, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta kwa pua, sekunde 2, mkono wa chini ndio usogee. Toa kwa pua, sekunde 3 au 4, uiache pumzi itoke yenyewe kama tairi linaloishiwa polepole. Tulia kidogo kabla ya kuvuta tena. Utahisi kiu ndogo ya hewa. Ndogo, siyo ya kuzama. Dakika 10, mara 2 kwa siku, wiki 6 kabla ya kuhukumu. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuvuta pumzi kubwa, kwa sababu maisha yetu yote tumeambiwa "vuta pumzi ndefu". Hiyo ndiyo inayoleta ganzi na kizunguzungu. Ukiona mabega yanapanda, unavuta hewa nyingi mno. La pili ni kubana pumzi kwa ushindani. Kwenye kipimo cha Buteyko, cha kuhesabu sekunde, pumzi hubanwa baada ya kutoa pumzi ya kawaida, na huachwa pale hamu ya kwanza ya kuvuta inapokuja. Kama baadaye unahema, umepitiliza. Nambari yake haipimi pumu, isikutishe ikiwa 12 wala isikudanganye ikiwa 40. Mjamzito, mwenye kifafa, presha ya juu au moyo aruke sehemu ya kubana.

Ukizoea kukaa, tembea. Tambarare kwanza, hatua 3 kuvuta na 4 kutoa, kwa pua. Kwenye vilima vya Kampala punguza mwendo badala ya kufungua mdomo. Ukinyanyua jerikeni toa pumzi kwa midomo iliyobanwa wakati wa kunyanyua. Wengi huibana hapo, kisha wanahema njia nzima. Anayewasha sigiri aiwashie nje na arudi ikiwa imeshika. Kupumua kwa pua si kichujio cha moshi.

Kifua kikibana, jiulize: kuna mluzi? Naweza kumaliza sentensi? Kipima pumzi, kile kifaa cha kupuliza kinachopima kasi ya hewa inayotoka, kinasomaje? Hakuna mluzi, sentensi inaisha, kipimo ni zaidi ya asilimia 80 ya rekodi yako ya juu kabisa: kaa, pumua hivyo dakika 3 hadi 5. Isipolegea, vuta ya bluu bila aibu. Kukiwa na mluzi, usiku umeamka nayo, au maneno yanakatika, usifanye zoezi lolote. Mipulizo 4 hadi 10 ya bluu kwa spesa, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, na safari ya hospitali ianze wakati unavuta. Bodaboda peke yako si gari la mgonjwa. Apande mtu nyuma yako.

Kupunguza kuna mpangilio wake. Vinaondoka kwanza vibahasha vya dukani, kwa kuwa na dawa ya kila siku inayovizuia. Kisha ya bluu inapungua yenyewe. Ukishindwa kuipunguza, pumu haijatulia na mazoezi hayataifidia. Anayeimudu inhela moja yenye budesonidi na formoteroli, dawa ya kufungua mirija, aulizie, maana kila anapojiokoa anapata na dawa ya uvimbe. Ya kahawia inafuata mwisho kabisa, baada ya miezi 3 ya utulivu, kwa robo hadi nusu ya kipimo, kisha miezi mingine 3 kabla ya hatua nyingine. Usianze una mafua, una mimba, wala ukielekea kiangazi cha Desemba hadi Februari, wakati vumbi la barabara za marram linapaa na nyasi zinachomwa. Puliza kipima pumzi kila asubuhi na jioni, mara 3, andika nambari kubwa. Kama rekodi yako ni 400, mstari wako ni 320. Ukisoma chini ya hapo siku mbili mfululizo, rudisha kipimo cha zamani siku hiyohiyo, usingoje siku ya kliniki.